Kulia kwa Nani?

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana friji zilikuwepo, aliishi Daktari Mwanahawa na mumewe Shekue. Ini la Shekue lilikuwa linakufa kidogo kidogo.

Daktari alifuga panya weupe. Kati yao alikuwepo jike mmoja aliyetiwa jeni iliyofanya kazi kwenye seli za ini tu, ikawa mlango wa dawa fulani. Dawa ikiingia mwilini, inaua seli zenye mlango, nyingine haizigusi. Ukitia kidogo, zinakufa chache, nawe unaangalia ini linavyojiotesha upya, upate kujua la Shekue litaponywaje. Ukizidisha, ini lote linakwenda. Hakukuwa na panya mwingine mwenye jeni hiyo, na sasa jike huyo alikuwa na mimba. Kumpata mwingine kungechukua miaka, na Shekue hakuwa na miaka. Mkewe akirudi kutoka kazini, Shekue alikuwa akimtania juu ya panya huyo: "Mke mwenzako hajambo?"

Sasa sikilizeni. Daktari alimwambia Hoza, mtunza panya: "Mwenye jeni mtoboe sikio la kulia, asiye nayo la kushoto." Hoza akawalaza chali, akatoboa. Kisha Daktari akamwambia Namsifu, mchoma sindano: "Wa kushoto mpe dozi kubwa, tuhakikishe dawa yenyewe haina madhara. Wa kulia usimguse." Namsifu akamshika panya mgongo juu, akaona tundu kushoto, akachoma.

Panya akafa, na watoto wakafia tumboni. Walilia wote watatu, na hata mimi ninayesimulia moyo unaniuma.

"Kosa langu," alisema Hoza. "Alilala chali ananitazama. Nilitoboa kulia kwangu, kumbe kwake ni kushoto."

"Kosa langu," alisema Namsifu. "Nililigusa tumbo, limetuna. Nikajiambia ameshiba tu. Sikuuliza."

"Jamani, kosa langu," alisema Daktari. "Mimba yake niliificha kama tunavyoficha zetu. Niliogopa kijicho. Kijicho cha nani, kwa panya? Mngejua, msingemgusa."

Wakaenda pamoja hadi nyumbani kwa Daktari. Walipofika mlangoni, wakasimama. Shekue akasikia viatu vyao, akaita kutoka kitandani, sauti imekonda, akijilazimisha kucheka:

"Mke mwenzako hajambo?"

Enyi mnaonisikiliza, kati ya hao watatu, je, ni nani aliyestahili kumjibu?