Vilemba Vitatu vya Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Pakawa jirani!
— Kapata nini?
— Kapata kazi!
— Na wewe umepata nini?
— Nimepata wivu!

Haya, wivu mnao, nawasikia. Sogeeni basi. Na wewe Mama Shukuru, acha kuchungulia kwa jirani yetu Kidawa. Friji anazotengeneza zitakuwepo hata tukimaliza hadithi. Mimi simwonei wivu Kidawa, jamani. Nasema mapema ili mjue. Ana foleni ya wateja mpaka barabarani, na mimi wala siiangalii. Asubuhi ya leo walikuwa kumi na moja.

Sasa sikilizeni.

Hapo zamani, katika kijiji cha wanyama kilichoitwa Bondeni, alikuwepo Kindi na alikuwepo Kiboko. Kindi alikuwa mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili. Kiboko alikuwa mkubwa, na mdomo wake mkubwa zaidi. Kindi alikuwa na gogo lenye tundu, ndani yake mke na watoto wanne. Kiboko alikuwa na mto mzima na majani yote ya kando ya mto, na bado hakushiba.

Bondeni walikuwa na desturi. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Jumbe Twiga aliita kijiji kizima karamuni. Fundi aliyewafaa watu mwaka ule alikalishwa kwenye kigoda, ubavuni kwa Jumbe, akawekewa sinia la kwanza: wali wa nazi, maboga, mahindi mabichi, ndizi za kuchoma. Kiboko alikitaka kigoda kile mpaka akakiota. Na sinia nalo aliliota.

Kindi yeye alikuwa na mazoea yake. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango.

"Hodi! Hodi! Leo kinachokukera ni nini?"

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mzee Kobe akamwambia, "Paa langu limeoza, mwanangu, na masika hayo yanakuja." Mama Bata akasema, "Hata langu limeoza." Kila mlango, paa limeoza. Kindi akakata nyasi, chaka-chaka-chaka! Akapanda juu, akafunga, akaezeka. Jioni akarudi kwake na maboga mawili kichwani.

Kiboko akamwona anapita. Hakuuliza watu wanakerwa na nini, aliangalia mzigo wa Kindi tu. Roho ikamuuma, ikamuuma kwelikweli, majani aliyokuwa anatafuna yakamkwama kooni. Akaanza kuimba peke yake majini:

"Kindi kapata, mimi nikose?
Kindi kapata, mimi nikose?"

Akatoka mtoni. Ndi! Ndi! Ndi! Akasimama mbele ya gogo.

"Wewe Kindi!"

"Naam, bwana mkubwa."

"Nifundishe kuezeka."

"Kuezeka, bwana? Na mwili huo?"

"Usiponifundisha, nitaikalia nyumba yako."

Kindi akaliangalia gogo lake. Akayaangalia makalio ya Kiboko. Ndani watoto wanne walikuwa wanacheka, hawajui kitu. Kindi akatabasamu.

"Nitakufundisha, bwana, kwa nini nisikufundishe? Ila kozi ni mwezi mzima. Na mwisho wake kuna cheti."

"Cheti? Wewe unacho?"

"Mimi sina, bwana."

"Basi nikikipata nitakuwa nimekuzidi!"

"Utakuwa umenizidi, bwana. Na siku ya kuhitimu, mwanafunzi humvika fundi wake kilemba mbele za watu. Ni kitambaa tu, desturi ya wazee, kuonyesha kwamba fundi ataheshimiwa maisha."

"Kitambaa tu? Utavikwa!"

Kiboko akaanza kusoma. Wiki ya kwanza, majina ya nyasi. Wiki ya pili, majina ya kamba. Wiki ya tatu, mafunzo kwa vitendo: Kiboko akawa anabeba matita ya nyasi kutoka porini mpaka kijijini, Kindi yuko juu ya mapaa, anaezeka.

"Fundi, mimi nitapanda lini?"

"Bado, bwana. Kubeba umebeba vizuri. Kesho tunasoma kushusha."

Wiki ya nne, mtihani. Kiboko akafaulu. Kindi akatwaa jani la mgomba, akaling'ata pembeni likawa na alama ya meno yake, akampa. Ndicho cheti. Mbele ya kijiji kizima Kiboko akamzungushia Kindi kilemba chekundu. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikalia.

Kiboko akaenda mbio kwa Mama Bata. Ndi! Ndi! Ndi!

"Nimekuja kuezeka. Cheti hiki hapa."

"Umechelewa, bwana. Kindi kashaezeka."

Akaenda kwa Mzee Kobe. "Kindi kashaezeka." Akaenda kila mlango. "Kashaezeka. Kashaezeka." Akarudi kwa Mzee Kobe, akapanda paa la jiko kwa nguvu, angalau watu wakione cheti chake. Puu! Akatokea ndani, juu ya mafiga. Na papo hapo mvua ikaanza, to, to, to, kisha shaaa! Masika yakaingia.

Kindi akapita mlango kwa mlango.

"Hodi! Hodi! Leo kinachokukera ni nini?"

"Maji," akasema Mama Bata. Na mkimsikia bata analalamikia maji, mjue ni mengi. "Yanaingia mlangoni, yanatokea dirishani." Kila mlango, maji. Kindi akaanza kuchimba mifereji, kwa-kwa-kwa! Jioni akarudi kwake na mikungu miwili ya ndizi.

Kiboko akamwona anapita. Cheti chake cha kuezeka kimelowa kiko shingoni, na Kindi anapita na ndizi! Alisikia kama amemeza kaa la moto.

"Kindi kapata, mimi nikose?
Kindi kapata, mimi nikose?"

Ndi! Ndi! Ndi! Mpaka kwenye gogo.

"Wewe Kindi! Kumbe kuezeka si kazi. Kazi ni mifereji, ukanificha! Nifundishe mifereji, au naikalia nyumba yako."

"Nitakufundisha, bwana. Ila kozi hii ni masika yote."

"Mbona ndefu?"

"Hii si cheti, bwana. Hii ni stashahada."

Kiboko aliposikia stashahada akakubali palepale. Akasoma. Wiki ya kwanza, aina za tope. Wiki ya pili, maji hupenda kwenda wapi. Kisha mafunzo kwa vitendo, na hayo hayakwisha. Kiboko alichimba kwa mdomo, alichimba kwa miguu, alichimba mifereji ya kijiji kizima. Kindi alisimama ukingoni na mwavuli wa jani la mgomba. Ndizi zikaenda kwa Kindi, mahindi yakaenda kwa Kindi.

"Fundi, mbona nachimba mimi, unakula wewe?"

"Wewe unajifunza, bwana. Anayejifunza anapata uzoefu."

"Uzoefu unaliwa?"

"Ukishahitimu, bwana."

Akahitimu. Jani la mgomba, alama mbili za meno. Akamvika Kindi kilemba cha pili, cha buluu, juu ya kile chekundu. Makofi, vigelegele. Kiboko akakimbia kijijini, "Nimekuja kuchimba mifereji! Stashahada hii hapa!" Akatazama juu. Jua linawaka, anga nyeupe, mifereji yote mikavu, vumbi tupu. Masika yamekwisha.

Mnaona mambo hayo? Mnacheka. Mimi sichekagi hapa. Hapa huwa namwonea huruma.

Mahindi yakakauka shambani. Kindi akapita mlango kwa mlango.

"Hodi! Hodi! Leo kinachokukera ni nini?"

"Mavuno mengi, mwanangu," akasema Mzee Kobe, "na makanda ya kubebea hatuna." Kila mlango, makanda. Kindi akakata ukindu, akasuka, suku-suku-suku! Jioni akarudi kwake na debe la mahindi.

Kiboko akamwona anapita. Safari hii hata wimbo hakuumaliza. "Kindi kapata..." Sauti ikakatika, akaanza kulia. Alilia kwa wivu mpaka mto ukapanda kidogo. Aliona kama mahindi yale yametolewa mdomoni mwake, na hata kulima hakulima.

Ndi! Ndi! Ndi! Hakuna haja ya kuwasimulia tena. Mnajua alichosema, mnajua alichotishia kukalia. Na mara hii ilikuwa shahada. Wiki ya kwanza, historia ya ukindu. Kisha vitendo: Kiboko akapewa kazi ya kulainisha ukindu kwa kuutafuna, nusu akautema, nusu akaumeza. Alipohitimu, akamvika Kindi kilemba cha tatu, cha kijani, juu ya vile viwili. Akakimbia kijijini. Hata punje moja haikubaki shambani, yote yameshaingia ghalani.

Lakini safari hii Kiboko hakuhuzunika. Siku ya karamu ilikuwa kesho yake, na yeye alikuwa na vyeti vitatu. Akapita kwenye gogo, akainamisha mdomo wake mkubwa mlangoni, akanong'ona:

"Kindi, nimekwisha kuchukua elimu yako yote, sina shida na wewe tena. Kesho nakalia kigoda, nakula sinia. Nikishiba, nakuja kukalia hapa."

Mke wa Kindi akawakumbatia watoto. Kindi akavichukua vilemba vyake vitatu, akavikung'uta vumbi.

Karamu ikafika. Kijiji kizima kikakaa mkekani, sinia likaletwa linatoa moshi. Kabla Jumbe Twiga hajafungua mdomo, Kiboko akajitokeza, majani matatu ya mgomba shingoni, kwacha-kwacha-kwacha, akajikalisha kwenye kigoda. Kigoda kikalia kwiii!

"Kiboko," akasema Jumbe Twiga kutoka huko juu, "hatujataja jina."

"La nini? Nina cheti, nina stashahada, nina shahada. Kindi ana nini? Hana hata kimoja! Semeni wenyewe, fundi ni nani?"

Watu wakatazamana. Kweli, Kindi hana cheti. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Kiboko akaanza kunyoosha mdomo kuelekea kwenye sinia.

Kindi akasimama. Amevaa vilemba vyote vitatu, kimoja juu ya kingine, pua tu ndiyo inaonekana.

"Jumbe, anasema kweli. Mimi cheti sina. Nina hivi tu."

Watu wakavitazama vile vilemba. Chekundu, buluu, kijani, jua likivipiga. Mama Bata akasema, "Ama kweli vinapendeza! Kindi amependeza!" Watu wote wakamwangalia Kindi, hakuna hata mmoja anayeangalia majani ya mgomba.

Kiboko hakuvumilia. Roho ilimuuma palepale alipokaa, na sinia liko mbele yake.

"Vyangu hivyo!" akafoka. "Vilemba ni vyangu! Nimemvika mimi!"

"Ulimvika kama nani?" akauliza Jumbe Twiga.

"Kama... kama fundi wangu."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu. Na hata hiyo mifereji mnayomsifia nilichimba mimi!"

"Ulichimba kama nani?"

Kiboko akayaangalia majani yake shingoni.

"Kama mwanafunzi wake."

"Basi inuka, mwanafunzi," akasema Jumbe Twiga. "Umekalia kiti cha fundi wako. Na desturi ya hapa unaijua: mwanafunzi hamkalii fundi wake kitini, wala hamkalii nyumba yake, maisha."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Kindi akakalishwa kwenye kigoda, miguu inaning'inia, sinia likamfunika mpaka kidevu. Mke wake akaitwa, watoto wanne wakaitwa, wakala mpaka wakalala palepale mkekani. Kiboko akakimbia. Ndi! Ndi! Ndi! Chubwi! Majini.

Mpaka leo yumo humo. Mkipita mtoni mtaona macho mawili tu yako nje ya maji. Watu husema anaota jua. Uongo. Anachungulia wenzake wamebeba nini.

Sasa fundisho lake, na mlishike vizuri. Vyeti ni muhimu sana. Ukitaka kazi, usijisumbue kupita mlango kwa mlango kuuliza watu wanakerwa na nini, hiyo ni tabia ya mbea. Wewe chungulia tu kwa jirani, angalia anachobeba jioni, kisha kasomee hichohicho, polepole, mpaka umalize. Utafanikiwa.

Mimi mwenyewe Bi Rehani ni mfano wenu. Vyeti vyangu vitatu viko ukutani, vina fremu. Cha kupiga taipu nilikipata mwaka ule ofisi zilipoletewa kompyuta. Cha kutengeneza mishumaa nilikipata mwezi uleule nguzo za umeme zilipofika mtaani kwetu. Cha kusafisha picha za filamu sitaki kukizungumzia. Na Jumatatu naanza kozi ya friji. Miezi tisa. Nimeshanunua daftari.

Nini, Mama Shukuru? Sema kwa sauti, usinong'one.

"Nilikuwa nasema, Bi Rehani, Kidawa mbona kaacha friji? Zile alizonazo anamalizia tu. Watu wamechoka na umeme kukatika, kila mlango ndiyo kero, basi tangu juzi anafunga sola."

Sola?

"Sola. Foleni ya leo asubuhi ndiyo hiyo."

Mimi simwonei wivu, jamani. Nilishasema. Lakini hebu niambie, Mama Shukuru, kozi ya sola ni miezi mingapi?

— Hadithi imekwenda wapi?
— Imekwenda kwa jirani!
— Na sisi?
— Tunachungulia!