Tuta la Pilipili la Kindi

Paukwa!
Pakawa!
Jembe likachimba?
Mche ukashika!
Na mdomo mpana?
Ngoja uuone!

Hapo kale palikuwa na shule ya wanyama wadogo kando ya mto. Mwalimu Kanga aliwapa wanafunzi shamba, kila mmoja tuta lake. Panya akapanda mchicha. Nungunungu akapanda bamia. Kindi, mdogo kuliko wote, akapanda pilipili, wenzake wakamcheka.

"Siku ya wazazi mama yako atakula pilipili tupu?"

Kindi akapalilia. Chwa, chwa, chwa.

Siku ya wazazi ikakaribia, na jua likawaka. Watoto walikuwa wamechimba mfereji kutoka mtoni, lakini mto ukashuka, maji yakagoma kupanda. Kama hilo halitoshi, akaja Kiboko. Gudu, gudu, gudu!

"Shikamoo, Bwana Kiboko," akasema Kindi.

"Marahaba. Nina njaa!"

Kindi akautazama ule mwili mpana, akautazama na mfereji mkavu. "Basi usile mchicha ule. Mchungu kama shubiri."

Kiboko akaonja. Mtamu! Akala nusu ya tuta, Panya akaangua kilio.

Kesho yake, gudu, gudu, gudu!

"Usile bamia zile, Bwana Kiboko. Zina sumu."

Kiboko akaonja. Tamu! Akala nusu ya tuta, Nungunungu akasimamisha miiba kwa hasira.

"Kindi, unatumaliza! Kila unachomkataza, anakula!"

"Ndilo somo ninalomfundisha," akasema Kindi. Lakini alijua hatari yake. Akikosea, wazazi watakuta shamba jeupe.

Siku ya tatu, gudu, gudu, gudu! Pilipili zimeiva, nyekundu tuta zima.

"Usile hizi, Bwana Kiboko. Ni kali, zitakuunguza."

Kiboko akacheka mpaka magego yakaonekana. "We mtoto, uongo wako nimeshauzoea!" Akalifagia tuta lote kwa mkupuo mmoja. Nyam, nyam, nya... "WUUUWI!"

Huyoo mtoni, machozi yanamchuruzika. Akajitupa, pubwii! Maji yakaruka ukingo, yakaingia mferejini. Akaibuka, ulimi bado unawaka, akajitupa tena, pubwii! Mchicha ukanywa. Bamia zikanywa. Shamba likalowa chepechepe, na Kiboko akahama mto kwa aibu.

Siku ya wazazi masufuria yalijaa. Mama Kindi akalitazama tuta tupu la mwanawe, akauliza taratibu, "Na wewe mwanangu, ulipanda nini?"

Kindi hajafungua mdomo, shule nzima ikaitikia, "Pilipili, mama! Ndizo zilizotumwagilia shamba!"

Mkia wa Kindi ukasimama wima kwa fahari, na wa mama yake ukasimama pia.

Hadithi yangu imekomea tutani. Tamu chumeni, kali niachieni.

Na funzo ni hili, wanangu: semeni kweli daima. Ila tangulizeni uongo kidogo, ili msiaminiwe.