Hamira Haisomi Nyota

Umeme ulikatika kabla hatujala. Tukiwa kimya gizani, jikoni kukasikika kitu kikijikwaruza: kwaruu... kisha tena, kwaruu.

"Panya!" Ramla akaruka, akamkanyaga mdogo wake.

"Panya gani wewe! Ni sinia juu ya beseni. Unga unaumuka, unalisukuma," akasema Bibi Tausi. Akacheka peke yake. "Hamira haisomi nyota."

Sote tukamsogelea. Hamira na nyota, wapi na wapi? Nani alisema hivyo, na kwa nini?

Bibi akanyoosha miguu mkekani. Msemo huu, akatuambia, ulizaliwa hapahapa Isevya, na chanzo chake ni beseni la unga kama hilo mnalolisikia.

Palikuwa na mama mmoja, Siwema, mke wa fundi baiskeli. Alikuwa akiuza maandazi kando ya barabara, juani na vumbini, na mvua ikinyesha alikimbia na beseni kichwani kama mwizi. Alichokuwa akikitamani ni meza moja tu ndani ya kantini ya chuo, penye paa. Siku moja mkuu wa kantini, Mzee Kapaya, akatangaza: meza imepatikana, mwenye maandazi ayalete Jumatatu asubuhi yaonjwe, na atakayeshinda ataichukua siku hiyohiyo.

Jumapili jioni Siwema akachekecha unga, akatia iliki, akatia hamira, akakanda mpaka jasho likamtoka. Akafunika beseni kwa sinia. Ndipo alipowasha redio.

Humo mlikuwa na mtaalamu wa nyota, sauti nzito kama ya mtu anayesoma hukumu. Akasema sayari ya Utaridi imeanza kurudi nyuma, na itarudi hivyo kwa wiki tatu. Watu wasifunge safari, wasipatane biashara, wasianze jambo lolote jipya.

Siwema alikuwa mtu wa kuamini. Bundi akilia alihesabu ndugu zake wote. Basi akazima redio, akakaa chini, machozi yakimlengalenga. Meza ile ndiyo imekwenda. Lakini unga je? Akachukua jiwe la kusagia, akaliweka juu ya sinia. "Tulia," akauambia unga. "Usiumuke. Ngoja Utaridi ipite."

Alfajiri akaja wifi yake, Nyamizi, dada wa mumewe, aliyeahidi kumsaidia kukaanga. Akakuta jiko halijawashwa. Akakuta na jiwe limeinama upande, unga umetoka kila pembe ya beseni, mwingine umeanza safari ya kwenda sakafuni.

"Wifi! Umeufunga jela unga wa watu?"

Siwema akamweleza yote, kwa sauti ya mgonjwa.

Nyamizi akashika kiuno. "Nimeona mtu akiacha kazi kwa homa. Nimeona akiacha kwa kugombana na mume. Kwa ajili ya Utaridi, wewe ndiye wa kwanza."

"Si mimi, wifi. Ni mtaalamu wa redioni."

"Mtaalamu yupi? Mbona mimi nasikiliza redio kila siku na simjui?"

"Ni mgeni. Kipindi chake kipya, kimeanza jana."

"Kimeanza lini?"

"Jana..."

"Ehee! Yaani sisi tusianze kitu, yeye aanze kipindi?"

Siwema akacheka bila kutaka, halafu akajizuia. "Lakini nyota kweli inarudi nyuma, wifi. Wanaiona."

Nyamizi alikuwa akisoma masomo ya jioni, na jambo hilo alilijua. "Mtu anayekimbia kuzunguka uwanja," akasema, "akiwa upande wa kule unamwona anaelekea kulia. Akifika upande wa huku unamwona anaelekea kushoto. Amerudi nyuma?"

"Hajarudi. Anazunguka."

"Basi na Utaridi inalizunguka jua hivyohivyo. Haina habari na maandazi yako. Tazama huo unga! Umeuwekea jiwe na bado umeumuka. Hamira haisomi nyota, wifi yangu. Washa jiko."

Wakakaanga mbio mbio, wakayafunga maandazi nyuma ya baiskeli. Kabla hawajafika njia panda, mnyororo ukachomoka.

"Unaona!" Siwema akalia. "Utaridi hiyo!"

"Utaridi gani! Ijumaa ulichomoka, na Ramadhani ulichomoka. Kaka yangu anakaza baiskeli za mji mzima isipokuwa ya mkewe."

Wakaurudisha, mikono ikawa myeusi, wakanawa bombani, wakafika wa mwisho.

Mzee Kapaya akala andazi moja. Akala la pili. Akachukua la tatu, akalivunja, akaangalia ndani lilivyojaa matundu. Kisha akauliza, "Mama, unaweza kuanza leo?"

Siwema akatazama juu. Kulikuwa kweupe, jua linawaka, hakuna nyota hata moja ya kuulizwa. Akakumbuka jiwe lilivyoinama.

"Mzee," akasema, "mimi nimeshaanza tangu jana, nilipotia hamira."

Nyamizi hakuweza kuyaficha maneno yake ya hamira na nyota. Aliyapeleka kisimani, sokoni, mpaka kwenye masomo ya jioni. Tangu hapo, mtu akiwa na kazi tayari mikononi halafu akatafuta sababu angani, watu wa Isevya humwambia aende akaimalize, maana hamira haisomi nyota.

Na mchana ule Siwema aliporudi nyumbani, mwanawe Mwanne alimkimbilia mlangoni, akainua kitambaa, akachungulia ndani ya beseni.

"Mama, hukunibakizia hata moja."