Mtetea Ambaye Sikudhani Hakumtoa

Kama unafuga hata kuku mmoja nyuma ya nyumba, tenga dakika chache usome kisa hiki, kisha mtumie na jirani yako.

Katika kijiji kimoja kilichopakana na bwawa aliishi mjane aitwaye Sikudhani. Alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, na kuku wa kienyeji thelathini na wanne. Kuku hao ndio waliomsomesha Mwanaidi tangu baba yake afariki. Sikudhani aliwajua mmoja mmoja: mtetea aliyependa kutagia jikoni, jogoo wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, aliyewika kabla ya wenzake, na yule mweusi ambaye hakukubali kulala karibu na mwingine.

Siku moja bwana mifugo wa kata, Lukindo, aliitisha mkutano. Akaeleza kwamba kata ya jirani imeingiwa na mafua makali ya ndege. Hiki si kideri, ule ugonjwa wa kuku mliouzoea, alisema. Ugonjwa huu unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hata binadamu unaweza kumpata. Akawaomba watu wafungie kuku wao, wasipokee ndege wa mtu wala kutoa wao, na wasiingie bandani na viatu vya njiani. Atakayekuta kuku amekufa ghafla asimguse kwa mikono mitupu, asimle, asimuuze. Apige simu.

Wengi walirudi nyumbani wakaendelea kama kawaida. Kuku wa kienyeji amezoea kujitafutia, walisema, ukimfungia ndiyo unamuua. Sikudhani hakubishana na mtu. Siku hiyo hiyo aliziba matundu ya banda kwa wavu, akaweka mlangoni ndara za kuingilia bandani tu, pamoja na ndoo ya maji ya sabuni. Akamwambia Mwanaidi kwamba kuanzia hapo hakuna hata unyoya utakaoingia wala kutoka.

Siku ya nne mtihani ukaja. Mzee Nkungu, baba wa kijana aliyemposa Mwanaidi, alifika kutoka kijiji cha pili kupanga siku ya harusi. Kwapani alikuwa na jogoo mkubwa mwekundu. Kwa desturi yao, anayekuja na jogoo hukabidhiwa mtetea wa kurudi naye, na hapo ndipo undugu unakuwa umefungwa. Kumkataa jogoo ni kuwakataa watu.

Sikudhani alimkaribisha barazani kwa heshima zote, akamletea chai. Kisha akapiga magoti.

“Mkwe, naomba unisamehe. Jogoo wako sitampokea, na mtetea sitakupa. Tumeambiwa kuna ugonjwa.”

Mzee akamtazama. “Unasema kuku wangu ni wagonjwa?”

“Sisemi hivyo, mkwe. Nasema sijui. Na kwa kuwa sijui, nimefunga.”

Mzee Nkungu aliondoka bila kumaliza chai. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Sikudhani ameanza kuringa, anaona kuku wa wenzake ni uchafu. Mwanaidi alilia siku mbili. Shemeji zake Sikudhani walikuja kumsihi atume mtetea mmoja tu, wa kuomba radhi, mambo yaishe. Moyo ulimuuma, kwa sababu yule kijana alimpenda kama mwanawe. Lakini hakutuma kitu.

Siku ya saba asubuhi alifungua banda akakuta kuku watano wamekufa. Wengine walikuwa wamejikunyata, vichwa vimevimba, vilemba vyao vimegeuka rangi ya zambarau. Sikudhani akashika mwimo wa mlango. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa.

Jirani yake, Mama Chausiku, aliyachungulia hayo kwa juu ya ua. Akamshauri kwa sauti ya chini achinje haraka walio hai na kuwapeleka mnadani kabla bwana mifugo hajasikia.

“Watakaowala wana watoto,” Sikudhani akasema. Akafunga banda, akanawa mikono kwa sabuni, akapiga simu.

Lukindo alikuja na wenzake, wamevaa nguo za kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Wakachukua vipimo. Majibu yaliporudi, yalikuwa yale waliyoyahofia. Kuku wote waliobaki wakauawa, wakafukiwa kwenye shimo refu lililomwagiwa chokaa. Sikudhani na binti yake wakawa wanatembelewa na muuguzi kila siku, na kwa bahati homa haikuwapata.

Lukindo alimhoji kwa upole mpaka akagundua. Maji ya kuku Sikudhani aliyachota bwawani, pale wanapotua mabata mwitu. Inaelekea ugonjwa ulikuwa unaingia bandani ndani ya ndoo yake mwenyewe, labda tangu kabla ya mkutano.

Karantini ilipoondolewa, Mzee Nkungu akatokea. Sikudhani alijua amekuja kuvunja uchumba. Alimkuta amesimama nje ya ua, anasubiri kuruhusiwa kuingia.

“Siku ile niliondoka na hasira,” mzee akaanza. “Niliona umenifungia mlango ili nisikuletee ugonjwa. Halafu nikahesabu siku. Mkwe, ungenipa yule mtetea, ningemwachia katikati ya kuku wangu mia na kumi. Mke wangu ndiye anayewalisha kwa mikono yake. Wajukuu wanacheza nao. Ugonjwa ulikuwa huku kwako, na wewe ulikataa kunipa.”

Akaongeza kwamba wataalamu wamezunguka vijiji vyote viwili, na hakuna banda jingine hata moja lililokutwa na mgonjwa.

Siku kuku wake walipofukiwa Sikudhani hakutoa chozi. Lakini mbele ya mzee huyu alilia mpaka Mwanaidi akatoka ndani kuona kuna nini, akamkuta mzee amejiinamia naye anajifuta macho.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Wageni walikula wali na mbuzi, na hakuna aliyeuliza kuku wako wapi.

Funzo: Usiogope kuitwa mwenye kiburi unapofunga mlango kwa ajili ya ugonjwa, kwani hujui kama unajikinga na wenzako au unawakinga wao na wewe. Na ukikufikia, sema mapema: banda tupu litajaa tena, lakini uhai wa mtu haurudi.