Moto wa Lori

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana magari yalikuwa yamekwisha kuwa na kompyuta tumboni, aliishi Makambako mwanamke aitwaye Enesia. Asubuhi moja akapigiwa simu: mama yake amefariki huko Bulongwa, atazikwa leo saa tisa. Kwa desturi ya ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza, na wa kwanza alikuwa yeye. Basi la asubuhi lilikwisha kupita. Akaingia garini mwake, akazungusha ufunguo. Gari kimya.

Akaitwa fundi Tweve. Fundi akafungua boneti, akatazama betri, akaguna. Akamwambia asiguse kitu, anafuata mita ya kupimia umeme, anarudi sasa hivi. Kwa nini asiguse, hakusema. Mafundi wetu wanaogopa kueleza, mteja asije akaona kazi ni rahisi. Na "sasa hivi" ya fundi mnaijua.

Enesia akangoja, jua likapanda. Methali ya haraka na baraka alikuwa anaijua, lakini aliyefiwa humwambii methali. Mara likasimama lori la mbao. Dereva wake, Kyando, alikuwa akielekea upande mwingine, lakini aliposikia msiba akatoa nyaya amwazime moto, yaani umeme, kutoka kwenye betri zake. Akauliza fundi amesemaje.

"Hajasema kitu," Enesia akajibu.

Kyando akaunga. Moto wa lori ni mara mbili ya ule wa gari dogo, na hilo alilijua. Ila alikwisha kuamsha hivyo magari mengi ya kizamani, yakaenda zake. Hili liliwaka taa zote, likanuka plastiki iliyoungua, likazima.

Tweve akarudi na mita yake. Akakwangua kutu kwenye kichwa cha betri, kazi ya dakika tano, na ugonjwa wenyewe ulikuwa huo tu. Lakini kompyuta ilikwisha kuungua, na gari jingine la kumfikisha kwa wakati halikupatikana. Enesia akakaa chini pale pale, akalia. Kule Bulongwa walimngoja hadi saa kumi na moja, wakazika.

Siku ya kuanua matanga walikwenda wote watatu. Baba yake Enesia akasema mmoja tu apige goti kaburini, maana marehemu haombwi radhi na kundi. Hapo wakaanza kugombea kosa.

"Ni mimi, mzee," akasema Tweve. "Nilishuku kutu, na nilijua moto mkubwa utaunguza kompyuta. Nikaficha ujuzi wangu kwa uchoyo."

"Mkono ulioshika nyaya ni huu," akasema Kyando. "Nilikimbilia wema, sikufikiri."

Enesia akasema, "Baba, mama ni wangu. Niliambiwa nisiguse, nami nikasema sikuambiwa kitu. Ningengoja, ningemzika."

Mzee akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. Nami nasimulia miaka yote hii, roho inaniuma, nimeshindwa. Haya, ninyi mlioketi hapa: ni nani aliyestahili kupiga goti?