Chumba cha Mbele, Mtaa wa Nipishe

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi ambayo bado ina wenyewe, palikuwa na mtaa mwembamba katika mji mmoja wa pwani. Mwembamba kweli. Mwenye kikapu akikutana na mwenye ndoo, mmoja sharti apande barazani ili mwingine apite. Anayetaka njia husema, "Nipishe!" Anayepisha hujibu, "Pita na heri. Za utokako?" Na hapo hapiti mtu bila kutoa habari: nani kajifungua, nani anaumwa, nani kapika nini. Ndiyo maana watu wakauita Mtaa wa Nipishe. Ugomvi haukudumu mtaani hapo. Utamnunia vipi mtu ambaye kesho asubuhi tumbo lake litagusana na lako?

Hapo aliishi Bi Mwanamkasi, mjane, hana mtoto, ana ulimi. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama njia, na nje ya chumba baraza la mawe lililong'arishwa na makalio ya watu, baba kwa mwana.

Basi ukaja mpango wa barabara. Hemedi, aliyezaliwa nyumba inayotazamana na ya Bi Mwanamkasi, akasimama mkutanoni.

"Jamani," akasema, "mama yangu alikata roho akiwa amebebwa juu ya kitanda cha kamba, kwa sababu gari halikuweza kuingia huku. Mimi nasema njia ipanuliwe."

Watu wakanyoosha mikono. Njia ikapanuliwa. Nyumba za upande mmoja zikavunjwa, ya Hemedi ikiwa ya kwanza. Yeye akahamia nje ya mji, akawa dereva wa bajaji. Lakini kila siku alikuja kusubiri abiria kwenye kona ya mtaa wake wa zamani, ingawa abiria walikuwa wachache, na wenzake walimcheka. Bi Mwanamkasi akimwona, aligeuza uso. Hakumsamehe.

Lami ikamwagwa. Watu wakapita, mmoja huku, mmoja kule, katikati nafasi ya kugeuza lori. Neno "nipishe" likafa. Na ugomvi nao ukapata mahali pa kunyoosha miguu. Bi Mwanamkasi akagombana na jirani yake wa nyuma, Mwantumu, fundi cherehani. Waligombania jogoo. Jogoo tu! Zamani wangepatana kabla ya adhuhuri. Safari hii Mwantumu akachukua misumari, akaugongelea mlango wa uani, ule mlango mdogo ambao wanawake walipitia toka ua hadi ua bila kutokea njiani. Jogoo akachinjwa sikukuu, akaliwa, akasahauliwa. Misumari ikabaki.

Bi Mwanamkasi peke yake ndiye aliyekataa kulizika neno. Kila asubuhi alikaa barazani, na akimwona mtu, hata awe ng'ambo ya barabara, humpigia kelele: "Nipishe!" Wenyeji wakacheka, wakapita. Wageni wakadhani bibi hana akili timamu.

Ndipo akaja Mihayo, kijana wa bara, fundi wa kuchomelea mageti. Akaweka meza yake ya chuma kando ya baraza. Asubuhi ya kwanza akasikia, "Nipishe!"

"Samahani, bibi," akasema, akaisogeza meza.

Kesho yake, "Nipishe!" Akaisogeza tena. Kesho kutwa, "Nipishe!" Akaisogeza tena. Bi Mwanamkasi naye akashangaa: kijana gani huyu, akisalimiwa anahama? Meza ikasafiri. Ikavuka barabara, ikafika ukingoni mwa mtaro.

"Bibi huyu akiendelea hivi," Mihayo akawaambia wateja, "mageti yenu nitayachomelea nikiwa Kigoma."

Asubuhi moja Mihayo akaishika meza, tayari kusogea. Akangoja. Kimya. Akatazama ng'ambo: baraza tupu, mlango umefungwa. Tuseme ukweli, alifurahi kidogo. Akawasha mashine. Lakini kazi haikwenda. Alichomelea pindo la geti, likapinda. Akalisaga, akalichomelea tena, likapinda tena. Mchana ulipofika akazima mashine, akavuka. Kubisha hodi hakuthubutu, kwani yule bibi alimfukuza kila siku. Akazunguka nyuma, akamkuta Mwantumu anafua.

"Mama, yule bibi leo hajanifukuza."

"Akufukuze kwa lipi?"

"Sijui. Kila siku huniambia nimpishe. Leo kimya."

Mwantumu akasimama, povu linamchuruzika mikononi. "Mwana wa watu! Ile ni salamu!"

Akachukua nyundo, akaing'oa misumari aliyoigongelea mwenyewe, akaingia uani, akafika chumba cha mbele. Bi Mwanamkasi alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alianguka alfajiri. Aliita mpaka sauti ikamwishia, huku akizisikia nyayo za watu zikipita mbali, mbali, katikati ya lami.

Mihayo akakimbia hadi kwenye kona. Hemedi hakuuliza nauli. Bajaji ikaja ikasimama kizingitini kabisa, wakampakia, ikaondoka.

Hospitalini daktari akawaambia, "Mngechelewa kidogo tu, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda."

Bi Mwanamkasi akapona, akarudi na fimbo. Mpwa wake, mtoto wa kaka yake aliyesimamia nyumba, akampigia simu. "Shangazi, wewe sasa utalala chumba cha uani. Cha mbele nimekipatia wapangaji, watu wa duka la simu. Nakuja Ijumaa na mafundi. Lile baraza linavunjwa, wateja wapate kuingia."

"Na kama nimeshampa mtu chumba hicho?"

"Ukimpa mtu, shangazi, neno lako ni neno lako, sitalivunja. Lakini utampa nani? Huna mtu."

Huna mtu. Nyonga iliyovunjika haikumuuma hivyo.

Alhamisi jioni akawaita barazani Mwantumu, Hemedi na Mihayo. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

"Mmoja wenu atakichukua chumba hiki," akasema. "Sharti moja: baraza halivunjwi. Haya, semeni. Nani ni mtu wangu?"

Mwantumu akawa wa kwanza. "Mimi. Nani aliyekufikia? Nani aliyekuinua? Njia ya uani naijua tangu naolewa. Nitaweka cherehani yangu hapo, nikikohoa unanisikia, ukikohoa nakusikia."

"Na misumari aliigongelea nani?" Hemedi akauliza. "Shetani?"

"Wewe nyamaza! Ya jogoo hayakuhusu."

"Yananihusu. Bi Mwanamkasi, najua huniangalii. Uliniona mvunja mtaa. Lakini njia ingebaki ile ya zamani, tungekubeba kwenye kitanda cha kamba, kama mama. Nyumba yangu niliitoa mimi, ikavunjwa mimi nikitazama. Siku ile bajaji ilipofika mlangoni kwako, nilimlilia mama yangu njia nzima. Nataka kulala tena mtaani kwetu. Basi."

Watu watatu wanne waliokuwa wakipita wakasimama.

"Maneno matamu," Mwantumu akasema. "Lakini njia ingebaki ile ya zamani, huyu angekaa sakafuni mpaka mchana? Kabla ya chai watu wangeshauliza, Bi Mwanamkasi yuko wapi leo? Wewe ndiye uliyewaweka watu mbali, kisha unataka sifa ya kuja mbio!"

Hemedi akainamisha kichwa. Bi Mwanamkasi akamgeukia Mihayo. "Na wewe mhamaji, umemeza chuma?"

"Mimi si wa hapa, bibi. Hata maana ya neno sikuijua."

"Basi unadai nini?"

Mihayo akajikuna shingo. "Nadai kwamba nililisikia. Hawa wanalijua tangu utotoni, lakini walikuwa hawalisikii tena. Mimi siku lilipokosekana, kazi ilinishinda."

"Lilikosekana asubuhi, ukaja mchana!" Mwantumu akamrukia.

"Nilidhani nachukiwa, mama. Mtu anayechukiwa anabishaje hodi?"



Watu walikuwa wameongezeka. Wengine walikaa barazani, wengine wamesimama hadi katikati ya lami. Mwenye toroli la machungwa akasema wakigawane chumba, yaishe.

"Tukigawe vipi?" Bi Mwanamkasi akasema. "Kikiingia kitanda cha Hemedi, cherehani ya Mwantumu inabaki nje. Ikiingia mashine ya Mihayo, hapo halali mtu, watu watakesha."

Wakacheka wote. Gari likapiga honi nyuma yao. Dereva alipoona hakuna anayesogea, akazima injini, akashuka kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Akaelezwa upya, kwa sababu kila mmoja alitaka kueleza yeye. Naye akatoa maoni yake, na mwenye machungwa akayapinga.

Bi Mwanamkasi akawatazama. Huna mtu, aliambiwa, na sasa hawa hapa, wanamgombania mpaka jasho linawatoka. Akamtazama Hemedi machoni, mara ya kwanza tangu lami. Akamtazama Mwantumu, mikono yake yenye makovu ya sindano. Akamtazama Mihayo. Ufunguo ulikuwa umepata joto kiganjani.

Mpwa wake anafika kesho, wenzangu, na ufunguo ni mmoja. Nyinyi mnaonisikiliza msinitazame mimi, hebu tazamaneni wenyewe kwa wenyewe mnijibu: aliyesikia kimya, aliyeng'oa misumari yake, na aliyeitoa nyumba yake ili njia ipatikane, je, nani alistahili chumba cha mbele?