Mnazi wa Bi Mishi

Mwinyi Kombo alitaka kumhamisha Bi Mishi, mjane mwenye goti bovu aliyejenga kibanda shambani mwake. Siku moja akawakusanya majirani, akatangaza, “Kila anayekaa kwangu leo apande mnazi. Asiyepanda, ahame!”

Bi Mishi alijisugua goti. “Nikipanda, mwanangu, hutaniondoa?”

Mwinyi Kombo akacheka. “Panda, ukae mpaka ufe. Hawa wote mashahidi.”

Bi Mishi akachechemea hadi nyuma ya kibanda, akarudi na jembe na mche wa mnazi. Akachimba shimo, akaufukia, akaumwagilia maji.

“Haya, nimepanda.”

“Nilimaanisha kupanda juu!”

“Juu hukusema, mwanangu,” akajibu Bi Mishi, majirani wakiangua kicheko. “Mnazi ukishakua, utaupanda wewe mwenye magoti mazima.”